Hiyo Roboti Imesomea Nairobi

Kila nikivaa tisheti yangu nyeusi nikipita stegi ya Muthurwa, lazima mtu aulize. Juzi ilikuwa mama wa ndizi. "Wewe kijana, hao kwa nguo yako ni mashetani?" Nikamjibu, "Hapana mathe, ni roboti." Akaangalia tena, akaguna, akarudi kwa ndizi zake. Hapo ndipo stori huishia, kwa sababu roboti haitishi mtu huku. Muthurwa tunaogopa kanjo.

Tisheti niliitoa Gikomba, soo na nusu baada ya kubishana sana. Ni ya Fear Factory. Kama huwajui, hii ni bendi ya metali kutoka Los Angeles, na jina lao ukilitafsiri ni Kiwanda cha Hofu. Tangu watoe Demanufacture mwaka 1995 wamekuwa wakisimulia stori moja tu, binadamu dhidi ya mashine. Mwaka 1998 wakaja na Obsolete, albamu yenye hadithi moja kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye kijitabu chake kuna maandishi kama ya filamu. Mashine zimeshika mji na mtu mmoja anakataa kuinama. Halafu 2012, kwa The Industrialist, wakageuza kamera. Sasa anayesimuliwa ni mashine yenyewe, inaamka polepole na kuanza kuwa na kumbukumbu zake.

Na manze, hao watu wanajua. Hata usiposhika neno moja utaelewa. Ngoma za miguu na gitaa zinagonga mahali pamoja, haraka, bila kukosea, kama cherehani za Uhuru Market Januari watoto wakirudi shule. Mwimbaji wao wa zamani, Burton C. Bell, alikuwa ananguruma mstari mmoja halafu anaimba mwingine laini kabisa, unaskia kama mtu na mashine wanagombania koo moja. Nimeziskiza hizo albamu nikienda chuo, nikirudi, nikifua, nikipangia mathe kuni. Sitaki mtu aniambie eti nawachukia.

(Kuna kitu kinanichekesha, lakini. Ile albamu ya 2012 haina mtu kwenye ngoma. Zimepangwa na kompyuta. Yaani bendi imetuonya miaka kumi na saba kwamba mashine itachukua kazi zetu, halafu wenyewe wakaipa mashine kazi ya mpiga ngoma.)

Shida yangu na hizi hadithi ni moja. Mashine zao hazina mama. Inaamka tu. Siku moja ni chuma, kesho yake ina akili na hasira. Hakuna mtu aliyeketi nayo kuifunza. Kwa muda mrefu sikuona hilo kama shida, mpaka rafiki yangu aliponiuliza swali ambalo bado sijalimaliza.

Nitamwita Gitaa, kwa sababu ndiyo anapiga. Tumekua naye. Yuko na mbogi ya watu wanne, wasee watatu na dame mmoja kwenye ngoma, wanakodisha chumba cha mazoezi kwa saa. Mwaka jana wakaamua watatoa albamu ya hadithi moja kuhusu AI, akili unde, ama akili mnemba kama wanavyosema Bongo. Mimi kwa sababu naongea sana wakanipa kazi ya kuandika hadithi.

Nikaandika. Mwaka 2099. Mji wa vioo na moshi. Roboti kubwa yenye macho mekundu inaamka kwa maabara na kusema, "Mimi ni nani?" Kuna shujaa wa koti refu la ngozi. Nilikuwa najiskia mwandishi kabisa.

Gitaa akasoma kurasa zote, akanirudishia simu. "Hiyo roboti ilijuaje kusema?"

Nikamwambia ni ya baadaye, imejisomea.

"Imejisomea wapi? Nani aliiambia hiki ni kitu kizuri na hiki ni kibaya?"

Nikanyamaza, kwa sababu nilijua kwa nini anauliza. Kabla ya hapo alikuwa amefanya hiyo kazi karibu mwaka mzima. Sitaitaja kampuni, msiniulize.

Kwa wale hawajui inavyoenda. Kompyuta haijui mbwa ni nini. Mtu anaangalia picha, anachora kisanduku kuzunguka mbwa, anaandika mbwa. Picha inayofuata. Kisanduku kwa gari, kisanduku kwa mama anayevuka barabara, kisanduku kwa taa. Gitaa alichora visanduku kwa barabara za miji ambayo hatawahi kupata viza ya kuingia. Aliniambia alifika mahali anaweza kutambua aina ya nguzo za taa za mji fulani wa Ulaya, na hapa kwetu hajui stima itarudi saa ngapi.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Baadaye wakamweka kwa maandishi. Ili mashine ijifunze kukataa mambo machafu, lazima kwanza kuna mtu asome hayo machafu na kuyawekea alama. Hii ni dhuluma. Hii ni mtu anajikata. Hii ni mtoto. Yanayofuata. Zamu nzima, usiku, na kuna hesabu ya ngapi umemaliza. Ukiuliza hizi programu swali la kishenzi leo na zikakataa kwa adabu, hiyo adabu kuna mtu aliilipia na usingizi wake.

Alikuwa anashuka Muthurwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati mikokoteni inatoka Marikiti na viazi. Tulikuwa tunakutana kwa kibanda, mimi naenda chuo, yeye anaenda kulala. Anashika chai mpaka inapoa. Siku moja nikamtania, "Buda, unalipwa kusoma intaneti, kwani unalia nini?" Wasee wakacheka. Yeye pia akacheka. Nimekumbuka hicho kicheko mara nyingi kuliko ningependa.

Na si yeye pekee, hii si siri ya mtaa. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa wamepitia kampuni ya Sama kutumia wafanyakazi wa Kenya kuwekea alama maandishi ya aina hiyo, na mshahara unaofika mkononi ulikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa bei ya dola ya wakati huo, ni kama shilingi 160 hadi 250. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo, Siku ya Wafanyakazi, watu zaidi ya 150 ambao wamefanya kazi ya kuchuja na kuwekea alama maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao cha wafanyakazi. Hapa hapa. Si 2099.

Kwa hivyo hii ndiyo maoni yangu na nitayasimamia. Kama kuna mahali duniani bendi ya metali ina haki ya kutoa albamu ya hadithi kuhusu akili unde, ni Nairobi. Na tukiitoa tukiwa tumevaa koti la Los Angeles, macho mekundu na "mimi ni nani," tutakuwa tumechukua stori yetu wenyewe tukairudisha kwa mwenye duka.

Najua kuna mtu atasema metali ni muziki wa wazungu, tunaiga tu. Sawa, hebu tuangalie huyo mzungu. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha mabati Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa kushoto, kwa hivyo ni vidole vinavyobonyeza nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga. Baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikashuka, ikawa nzito. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1970, na wengi wanasema metali ilianzia hapo. Kwa hivyo huu muziki haukuanza na shetani wala na koti la ngozi. Ulianza na kijana wa mtaa aliyeumizwa na mashine kazini.

Sasa vuka Landhies uende Kamukunji kwa wale mafundi wa jua kali. Simama dakika tano. Nyundo mia zinagonga mabati kwa wakati mmoja, masanduku ya shule, majiko, vyuma vya kukaangia chipo, hakuna anayehesabu mpigo lakini mpigo upo. Mara ya kwanza niliposkia Fear Factory kwa spika kubwa sikushangaa. Nilisema, ah, Kamukunji. Ongea na hao mafundi uhesabu vidole vyao. Halafu uniambie metali si yetu.

Na Muthurwa yenyewe ni nini? Sasa hivi mtu akiskia Muthurwa anafikiria soko, matatu na simu kuibiwa. Lakini hizi nyumba zilijengwa kwa wafanyakazi wa reli. Nairobi nzima ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899, na huku ndiko walipowekwa watu wa kulisha mashine. Nenda Makumbusho ya Reli uone lile gari la moshi linaitwa Mount Gelai, namba 5918, limetengenezwa Manchester, zaidi ya tani 250. Ukisimama chini yake unaelewa kwa nini mtu angetunga wimbo. Kuna watu walilisha hicho kitu, wakakipaka mafuta, wakakijua kwa sauti kama mtoto wao. Wakistaafu, walikuwa wanaishi hapa. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa walikimbilia Mahakama Kuu kuzuia wasitupwe nje nyumba zibomolewe, na 2013 jaji akakubali kwamba haki zao zilikiukwa. Hiyo nayo ni hadithi ya binadamu na mashine. Mashine inawekwa makumbusho. Aliyeilisha anatafuta wakili.

Nikimwambia Gitaa haya aliniambia nimeanza kuhubiri. Haki yake.

Lakini si kwamba naota ndoto ambayo haijawahi kufanyika. Nairobi tayari ina watu walioacha kuvaa koti la kuazima. Mwaka 2020 Duma walitoa albamu yao na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Walikuwa wawili tu, Martin Kanja anayejiita Lord Spikeheart na Sam Karugu, wote wametoka kwa bendi za metali za hapa mjini. Duma kwao ni giza, neno la Kikuyu, si yule mnyama wa mbio, ingawa ukiwaskia unaweza kudhani ni mnyama. Hawakuwa na mpiga ngoma wa kawaida, ngoma zinatoka kwa kompyuta. Tofauti na ile albamu ya 2012 ni kwamba hawakujaribu kufanya kompyuta isikike kama mtu. Waliiacha ipige kelele zake, na juu yake kuna mtu anapiga mayowe kama anayezama. Binafsi naona hiyo ni albamu ya kweli zaidi kuhusu mtu na mashine kuliko nyingi zenye roboti kwa jalada, na sijui kama hata walikuwa na hiyo nia.

Halafu 2024 Lord Spikeheart akatoa The Adept peke yake, akaitoa kwa heshima ya nyanya wa mzazi wake, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa Field Marshal wa Mau Mau. Fikiria hiyo. Muziki mkali kuliko wowote, na ndani yake kuna mama wa msituni. Hakuhitaji joka. Hakuhitaji Viking. Sisi tuna Muthoni wa Kirima halafu bado naona bendi za vijana hapa Eastlands zikiandika kuhusu theluji. Theluji, wasee! Baridi ya Julai tu hamuiwezi.

Kuna wanaonipinga na wana pointi. Wa kwanza ni huyo dame wa ngoma kwa mbogi yao. Aliniambia hivi: mimi nafanya kazi ya duka siku nzima, nikija mazoezi nataka kwenda mbali, sitaki wimbo kuhusu rent. Naelewa. Roboti yenye macho mekundu inakupeleka mbali. Lakini sisemi tutoe roboti. Nasema roboti itoke mahali. Ukiweka mtu ndani ya hadithi, hata mbali panakuwa mbali zaidi.

Wa pili ni binamu yangu, ambaye mpaka leo anachora visanduku na hana shida. Kwake ni kazi safi ya mezani, hakuna jua, hakuna kanjo, na imemlipia dadake karo. Alinikasirikia kabisa. "Nyinyi wa muziki mkipiga kelele, hizo kazi zitahamishwa nchi nyingine, halafu utanilipa wewe?" Sina jibu safi kwa hilo. Hatujajaa kazi hapa mpaka tuzichague. Nilimwambia tu kwamba watu wa reli pia walipenda kazi yao, na kuipenda hakukuzuia mtu kuwadai nyumba. Hakunijibu, na sidhani nilimshinda.

Wa tatu ni karatasi. Gitaa alitia sahihi mkataba wa kutosema. Hawezi kutaja kampuni, hawezi kutaja alichosoma, na hajui vizuri mkataba unaishia wapi, kwa sababu alitia sahihi siku ya kwanza bila nakala kurudi naye nyumbani. Anaogopa. Si kuogopa kwa kitoto. Mtu akikushtaki Nairobi na huna hela, hata ukiwa na haki utachoka kabla yake.

Hapo ndipo nimebadilisha mawazo kuhusu hadithi za kubuni. Nilikuwa nadhani sayansi ya kubuni ni anasa, kitu cha watu walioshiba. Sasa naona ni mlango wa nyuma. Mtu hawezi kusema, "Nilisoma hiki na hiki, usiku fulani, kwa jengo fulani." Lakini nani atamshtaki roboti? Nani ataenda mahakamani kusema ule wimbo kuhusu mashine ya mwaka 2099 isiyolala ni siri ya kampuni yangu? Wazee wetu walifanya hivyo na sungura na fisi. Kila mtu kijijini alijua fisi ni nani.

Kwa hivyo tumeandika upya. Hadithi sasa iko hivi. Ni 2099 na roboti kubwa kuliko zote, ile inayoendesha miji, inagundua kwamba kuna vitu inavijua na haijui ilivijulia wapi. Inajua kushtuka. Inajua kuomba msamaha. Inafuatilia kumbukumbu zake nyuma, nyuma, mpaka inafika kwa mkono mmoja unaobonyeza kitufe saa tisa usiku, na anwani ni Muthurwa. Inakuja kumtafuta huyo mtu. Inashuka stegi. Inauliza mama wa ndizi, mama wa ndizi anauliza kama itanunua. Inauliza mafundi Kamukunji, wanapima mguu wake kwa macho kuona utatoa majiko mangapi. Kanjo wanaishika kwa kusimama mahali bila leseni. Ikifika nyumbani kwa yule mtu, nyumba haipo, imebomolewa zamani. Na roboti inakaa pale kwenye kifusi na kufanya kitu ambacho hakuna aliyeifunza.

Hatujakubaliana ni kitu gani. Dame wa ngoma anataka iharibu mji wote, kwa sababu hiyo itampa dakika nne za kupiga bila huruma. Mwenye bezi anataka ilie. Mimi nilisema iende kujiandikisha kwa chama cha wafanyakazi, wakanitupia chupa.

Gitaa hakusema kitu. Amekubali kupiga nyimbo zote isipokuwa ule wa katikati, wa kumbukumbu, ule wa saa tisa usiku. Maneno yake ameandika mwenyewe kwa daftari la shule na hajatuonyesha. Anasema kama utaimbwa ataimba yeye, ama usiimbwe, na hajaamua. Tumeacha nafasi ya dakika sita kwa albamu. Tukifanya mazoezi tunafika hapo, tunanyamaza, dame anahesabu mpigo kwa vijiti peke yake, taratibu, mpaka dakika sita ziishe, halafu tunaingia wimbo unaofuata. Mwenye chumba aliingia juzi akatukuta tumesimama kimya na vyombo shingoni. Akaangalia saa yake, akatukumbusha kwamba hata kunyamaza tunalipia.

Tunarudi huko Jumamosi saa nane.